Mgeni Anayelipa Anadaiwa Nini?

Methali ya kwanza niliyofundishwa darasani kuhusu wageni ni ile isemayo: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu wetu alituambia kwamba Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipokuwa akieleza misingi ya ujamaa, akitaka kuonyesha kwamba katika jamii ya Kiafrika kila mtu alifanya kazi, na hata mgeni hakuachwa akae bure. Sisi wanafunzi tuliinakili, tukaitumia katika insha za mtihani, tukapata alama. Hakuna aliyeuliza swali ambalo leo linanisumbua. Je, kama mgeni amelipa? Kama amelala kwa bei iliyotangazwa, amekula kwa bei iliyotangazwa, na ataondoka asubuhi ya siku ya nne akiwa hana deni lolote kwenye karatasi, bado kuna jembe linalomngoja?

Nina sababu mbili za kuuliza. Nimekuwa binti wa nyumba inayopokea watalii, na nimekuwa mtalii katika nyumba ya watu. Nilipokuwa upande mmoja niliona kosa la upande wa pili waziwazi. Nilipovuka kwenda upande wa pili, nililitenda kosa lilelile.

Nimezaliwa Sipi, katika wilaya ya Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Watu huja kwetu kutazama maporomoko matatu ya mto Sipi, ambayo kubwa kuliko yote lina urefu wa karibu mita 100. Wakishapiga picha hutaka kuona kahawa na watu wanaoilima. Nilipokuwa darasa la tano mama alianza kupokea wageni wa kulala. Chumba changu ndicho pekee kilichokuwa na sakafu ya saruji, kwa hiyo kikawa cha wageni, na godoro langu likahamia kwa nyanya, katika chumba kilichopakana na jiko. Nyanya alitwanga kahawa kwenye kinu mbele ya wageni, akaikaanga, akawamiminia vikombeni, na wao wakaambiwa kwamba hivyo ndivyo tulivyoinywa tangu zamani. Ukweli ni kwamba nyumbani tulikunywa chai ya maziwa. Kahawa ilikuwa kitu cha kuuza kwa kilo. Lakini miaka ilivyopita nyanya aliipenda, akawa anajikaangia yake hata siku ambazo hapakuwa na mgeni. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba alikuwa akiigiza tu. Alianza kwa kuigiza akamalizia kwa kunywa.

Kuna usiku mmoja ambao siusahau. Nilikuwa na homa na kikohozi, na ukuta kati yetu na wageni ulikuwa mwembamba. Mama alinipa leso nikoholee ndani yake, polepole, wageni wasisikie. Hawakusikia. Asubuhi waliandika katika daftari la wageni kwamba nyumba yetu ina utulivu ambao kwao umepotea. Mama alinitafsiria maneno hayo kwa furaha, nami nikiwa bado na leso mkononi. Kwa miaka mingi niliwachukia wale wageni wawili, ingawa hawakunitendea neno.

Hata hivyo fedha zao na za wenzao zilininunulia sare, vitabu, na baadaye sehemu ya ada ya chuo. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani kwamba naandika kuwatukana watalii. Kalamu hii wameinunua wao.

Mwaka jana, wakati wa likizo, wanafunzi watano wa Kiswahili kutoka chuo kimoja cha Kampala, mimi nikiwa mmoja wao, tulichanga fedha kwenda Tanzania. Tulitaka kukaa mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya kuombea chumvi, si somo la saa nne asubuhi. Tulichagua milima ya Usambara, mkoani Tanga. Basi lilitupitisha Nairobi, Namanga, Arusha na Moshi, likatushusha Mombo, na kutoka hapo gari dogo likapanda kona baada ya kona hadi Soni. Utalii wa kuwatembelea wanavijiji si jambo geni huko. Tangu miaka ya 1990 Lushoto imekuwa miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizojaribu utalii wa utamaduni, ambao wazo lake ni kwamba mgeni akilala na kula kijijini, fedha zitabaki kijijini. Ni wazo zuri, na mimi niliyelelewa nalo siwezi kulidharau.

Sisi tulipanga safari kupitia kampuni moja ndogo. Tulilipa shilingi 30,000 za Tanzania kila mmoja kwa usiku, pamoja na chakula. Baadaye mama mwenyeji alituambia, kwa sauti ya chini na bila kulalamika, kwamba yeye alipewa 12,000. Sitalisema sana hilo, kwa sababu mgawanyo mbaya wa fedha ni dhuluma ambayo kila mtu anaitambua akiisikia. Ninalotaka kulizungumzia lingekuwapo hata kama angepewa zote 30,000.

Kijiji kilikuwa kati ya Soni na Bumbuli. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na paa la bati, juu ya mteremko wa maharage, kabichi na migomba. Walioishi humo ni mama, baba mkwe wake ambaye sote tulimwita babu, binti wa kidato cha nne na mvulana mdogo. Baba wa nyumba alikuwa akifanya kazi Tanga mjini. Mimi na mwenzangu mmoja tulilala hapo, wengine watatu wakalala nyumba za jirani. Tulipewa chumba cha binti. Niliona daftari zake za fizikia zimepangwa haraka juu ya sanduku, nikajua mara moja kwamba godoro lake limehamia mahali fulani penye moshi. Nilimwambia, kwa kutaka urafiki, kwamba hata mimi nilikuwa nikilala kwa nyanya wageni wakija. Alicheka mpaka akakaa chini. Kwao nyanya ni ya kuungia mchuzi, na mama wa mama yako ni bibi. Tulicheka wote, na kicheko kile kikanisaidia kusahau nilichokuwa nimekiona.

Lazima nikiri jambo jingine. Mpaka siku ile sikujihesabu kuwa mtalii. Nilidhani utalii ni jambo la Wazungu, watu wa kofia pana na chupa za maji. Mimi nilikuwa jirani, Mwafrika, mtoto wa mlimani, mwenye kusema shikamoo kwa wazee. Rangi yangu na lugha yangu zilinipa hisia kwamba nimeingia kwa mlango wa nyuma kama ndugu. Lakini nilikuwa nimelipia mlango wa mbele, na kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo isipokuwa mimi.

Usiku wa kwanza babu alitusimulia habari za Mbegha, ambazo huko hata watoto wanazijua. Mbegha alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu, mgeni asiye na shamba wala ukoo katika Usambara. Aliwinda nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mazao, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Baadaye aliua simba, na mwishowe watu wakamfanya mtawala wao huko Vugha, ukoo wake wa Kilindi ukatawala milima ile vizazi kwa vizazi. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika kitabu kiitwacho Habari za Wakilindi. Babu alipomaliza alitutazama akasema, "Mgeni akija na nyama nyingi, mtazame vizuri. Mwisho atakaa kitini." Tulicheka. Tulidhani anazungumza habari za zamani.

Asubuhi ya siku ya pili tuliamka tukasikia kwamba mzee mmoja jirani amefariki usiku. Mazishi yangekuwa siku hiyohiyo, baada ya sala ya adhuhuri. Ratiba yetu, iliyochapishwa na kampuni, ilisema kwamba kuanzia saa nne mpaka mchana ni "mapishi ya asili," na wote watano tungekusanyika jikoni kwa mama yetu. Nilimkuta uani amejifunga kanga, ya pili ameishika mkononi tayari kujitanda. Akaniambia, "Mwanangu, kuna msiba hapo jirani. Naweza kwenda?"

Nilishtuka, nikamtazama kijana aliyekuwa akituongoza. Yeye akajibu kwa upole, "Mama, wageni wamelipia mapishi, na wenzao wako njiani. Msiba hauishi leo." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bosi mjini ambaye angemuuliza kwa nini ratiba haikufuatwa, na bosi angeuliza kwa sababu aliogopa wageni wangelalamika. Wageni ni sisi. Kwa hiyo mlolongo wote wa hofu ulianzia mjini, ukapita kwa kijana yule, ukaishia miguuni pangu, na neno langu moja lingetosha kuukata. Mama alikuwa bado ananitazama. Nilinyamaza.

Nimejaribu kujieleza kwa nini. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni, siyajui mambo ya watu, na si heshima kuingilia. Sababu hiyo ina sura ya adabu. Chini yake kulikuwa na nyingine isiyo na adabu: niliyataka mapishi yale. Nilikuwa nimebeba daftari la msamiati wa jikoni, na nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa ajili yake. Mama akaitundika ile kanga ya pili kwenye kamba, akaingia jikoni. Tulipika ugali, maharage na mboga za majani. Nilijifunza maneno 19 na yote bado ninayo.

Kupitia mlango wa jiko tuliwaona wanawake wakipita kwenda msibani na ndoo za maji, masinia na mizigo ya kuni. Kila mmoja alimsalimu mama kwa sauti, naye akawajibu bila kutoka nje. Alikwenda saa nane, jeneza lilipokwisha kupita. Jioni binti yake alituambia, akiwa ameinamia sahani anazoosha, kwamba huko msibani mama ameulizwa swali moja tu: "Wageni wako wameshiba?"

Hilo ndilo jambo ninalotaka kulifikiria katika insha hii. Kwa nini mama aliniomba ruhusa? Mimi nina miaka 22. Yeye ana umri wa mama yangu. Nyumba ni yake, kijiji ni chake, marehemu alikuwa jirani yake. Ningekuwa mgeni wa kawaida, rafiki wa shule wa binti yake kwa mfano, asingeniomba kitu. Angesema, "Angalia sufuria, naenda msibani," au angesema, "Vaa kanga twende." Mgeni wa methali anaweza kuachwa, anaweza kutumwa, anaweza kukabidhiwa jembe, kwa sababu hana cha kumshikia mwenyeji wake. Fedha yangu haikununua ugali na kitanda tu. Iligeuza nani anamwomba nani ruhusa ndani ya nyumba ile. Ndivyo babu alivyomaanisha aliposema kiti. Mbegha alikuja na nyama, mimi nilikuja na shilingi 30,000.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, katika kitabu chake kuhusu amani ya kudumu cha mwaka 1795, alitenganisha mambo mawili. Mgeni anayefika nchi ya watu ana haki ya kutembelea, yaani kutotendewa kama adui kwa sababu tu amefika. Lakini hana haki ya kuingizwa nyumbani kama mmoja wa jamaa. Kwa hilo yanahitajika mapatano maalumu. Nilipoyasoma mawazo hayo baada ya safari, nilidhani kwanza kwamba yananitetea. Mapatano tulikuwa nayo, na risiti tulikuwa nayo. Kisha nikaona kwamba yananishtaki. Mapatano yetu yalitaja kitanda, milo mitatu, mapishi na matembezi. Hayakutaja kwamba nyumba tunayoingia ina majirani, na kwamba majirani hufa.

Wapo watakaosema kwamba nalikuza jambo dogo. Hoja yao ya kwanza ni hii: ile ni biashara kama biashara nyingine. Mhudumu wa hoteli naye hukosa misiba, dereva wa basi naye hukosa, na hatumlaumu abiria. Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau mahali. Mhudumu wa hoteli ana saa ya kuingia na saa ya kutoka, na akitoka anarudi nyumbani kwake ambako mgeni hamfuati. Mama yule tulikuwa tumemfuata nyumbani tayari. Zamu yake haikuwa na mlango wa kutokea. Tena mhudumu akikosa mazishi, watu husema kazi imemzuia. Mama akikosa mazishi ya nyumba ya tatu kutoka kwake, wakati moshi wa jiko lake unaonekana, watu husema nini? Tulisikia walichosema. Katika kijiji kama kile jirani si mtu wa kusalimiana naye tu. Ndiye atakayekubeba ukiugua usiku na ndiye atakayekuzika. Kwenda msibani na mzigo wa kuni ni kuweka akiba ambayo utaihitaji siku yako. Sisi tulimlipa mama fedha, na kwa kumzuia tukamfanya atumie akiba ile, ambayo bei yake hatukuijua na tusingeweza kuilipa.

Hoja ya pili ni kinyume cha hiyo: kama mambo ni hivyo, basi watalii wasiende kulala katika nyumba za watu kabisa. Wakae hotelini, watazame milima kwa mbali, utamaduni ubaki safi. Hoja hii huwafurahisha zaidi watu wasio na mabati ya kununua. Mama yangu aliamua mwenyewe kupokea wageni, akijua gharama yake kuliko profesa yeyote, na kwa fedha ile mimi nasoma. Anayesema wageni wasije kwa ajili ya kumhurumia, anamwondolea uamuzi wake mara ya pili. Na huo utamaduni safi sijui uko wapi. Nyanya yangu alijifunza kunywa kahawa kwa ajili ya watalii, na hakuharibika.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nami niliishikilia kwa muda. Inasema: mama alikuwa na mdomo. Angesema, "Ninakwenda msibani, mapishi kesho." Kosa ni lake kuomba pale ambapo angeweza kuarifu. Lakini nikumbuke ile leso. Mama yangu naye alikuwa na mdomo, na alinipa leso nikoholee ndani yake. Si kwamba hakunipenda. Alijua kwamba mgeni mmoja asiyeridhika huenda na wageni kumi wajao, na kwamba mgeni hahitaji kutoa sababu. Anayelipwa ili akukaribishe amefungwa ulimi katika jambo hilihili moja: hawezi kukuambia kwamba leo hakutaki. Akikuambia, huenda asilipwe. Asipokuambia, wewe utaandika kwenye daftari kwamba nyumba yake ina utulivu.

Kutokana na hayo nimefikia ninachokiamini. Watu wengi hudhani kwamba malipo humpunguzia mgeni wajibu: amelipa, hadaiwi. Mimi naona malipo humpunguzia wajibu wa aina moja na kumwongezea wa aina nyingine. Mgeni asiyelipa anadaiwa jembe, na mwenyeji ana uhuru wa kumkabidhi. Mgeni anayelipa hawezi kukabidhiwa kitu, kwa sababu amemfunga ulimi yule ambaye angemkabidhi. Kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kuona bila kuambiwa na kusema kabla ya kuombwa. Kulima tuta moja la maharage huku rafiki yako anakupiga picha si kushika jembe. Jembe lake ni kumwachilia mwenyeji wake. Na jembe hilo ni zito, kwa maana kulishika ni kuacha kitu ulichokilipia na usidai chako.

Nisijifanye kwamba niliyajua haya pale pale. Siku ya tatu, ambayo ratiba ilisema ni ya matembezi msituni, nilimwambia kijana yule kwamba siendi, nikamwomba mama anipeleke msibani nikatoe mkono wa pole. Nilijiona nimefanya jambo jema. Mama alinitazama kidogo akasema, "Ungeenda matembezini ningepata kupumzika, mwanangu." Alisema akitabasamu, na sijui mpaka leo ni utani kiasi gani. Lakini alinipa kanga, akanifundisha kujitanda vizuri, tukaenda. Nilikalishwa mkekani kati ya wanawake, nikawekewa ungo wa mchele nichambue. Hakuna aliyenionyesha kitu cha asili. Hakuna aliyeniuliza kama nimeshiba. Mwanamke mmoja alimuuliza mama mimi ni nani, mama akajibu, "Ni mgeni wangu, anatoka Uganda," na yule mwanamke akasukuma ungo wa pili mbele yangu.

Sisemi kwamba ungo ule ulifuta siku ya pili. Mchele niliochambua haukumrudisha mama kwenye saa aliyotakiwa kuwapo. Tena jibu lake la asubuhi lilinifunza kwamba hata majuto yangu yaliweza kuwa mzigo: nilitaka kutubu, na kwa kutubu nikamnyima mapumziko. Mgeni aliyechelewa kusema huongeza kazi anapotaka kurekebisha. Wakati wa kusema ulikuwa uani, siku ya pili, kwa neno moja: nenda.

Niliporudi Sipi nilimsimulia mama yangu kila kitu. Nilitarajia anifariji. Aliuliza tu, "Na wewe ukanyamaza?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua maharage kwa muda, kisha akasema kwamba mwaka aliofariki mjomba wangu, walikuwapo wageni wanne nyumbani, na yeye aliwapikia mpaka chakula cha jioni kabla ya kupanda kwenda kwa kaka yake. Mimi nilikuwa shule ya bweni, sikuwahi kujua. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia. "Ningewaambia vipi? Walikuwa wamelipa."

Tulizungumza jioni ile mpaka usiku, tukabadilisha kitu kimoja. Siku hizi wageni wakifika, kabla hata hawajavua viatu, mama huwaonyesha jiko: sufuria zile pale, unga ule pale, kuni nje. Huwaambia kwamba kukitokea msiba au mgonjwa, yeye atakwenda nao watapika, na bei haibadiliki. Anasema mapema, siku ambayo hakuna aliyekufa, kwa sababu siku ya msiba ulimi huwa umekwisha kufungwa. Sijui kama hilo linatosha. Najua kwamba linamrudishia mwenyeji neno ambalo fedha ilimnyang'anya, na kwamba mgeni akilisikia siku ya kwanza huanza kuingalia nyumba kwa namna nyingine, kama nyumba ambamo watu huugua na huzikana.

Mpaka sasa wageni wametakiwa kupika mara moja tu, jirani yetu alipojifungua kwa shida usiku na mama akafuatana naye hospitali. Ugali wao ulikuwa na mabonge. Nyanya aliula wote, akaniambia kwamba ameonja mbaya zaidi.